Profesa Thomas Odhiambo: Msomi wa wadudu aliyetaka kumtua mkulima mzigo wa sumu

MKULIMA mdogo wa Nkubu, katika Imenti Kusini, anaporauka kwenda shambani na bomba la kunyunyizia dawa mgongoni, huwa amebeba mzigo ambao uzito wake haupimwi kwa lita pekee. Ndani ya bomba hilo mna maji, kifuniko kimoja au viwili vya kemikali aliyoinunua dukani jana yake, na matumaini kwamba nyanya, kabeji, mishiri au kahawa yake itafika sokoni kabla ya kumalizwa na wadudu.

Mna pia hatari asiyoiona. Bomba likivuja, maji yale humtiririka mgongoni na kupenya ngozini. Upepo ukigeuka ghafla, humrudishia usoni kile alichokikusudia kwa viwavi. Jioni, nguo alizovaa hufuliwa katika beseni moja na nguo za watoto, na chupa iliyobaki nusu huhifadhiwa uvunguni mwa kitanda au katika rafu ya jikoni, karibu na chumvi na unga.

Lugha yetu yenyewe imechangia kuificha hatari hiyo. Tunaita dawa kile anachopewa mtoto mwenye homa, na tunaita dawa vilevile kile kinachoua vidukari katika kabeji. Neno ni moja, ilhali kazi ni mbili zinazopingana.

Zaidi ya miaka 20 imepita tangu kufariki kwa Mkenya ambaye maisha yake yote ya kisomi yalikuwa juhudi ya kupunguza mzigo huo. Profesa Thomas Risley Odhiambo hakuwa mwenyeji wa Meru, wala hakuwa daktari wa binadamu. Alikuwa mtaalamu wa wadudu. Hata hivyo, swali alilolishikilia kwa takriban nusu karne linamhusu kila mwenye shamba la ekari moja kutoka Nkubu hadi Runyenjes: je, ni lazima mkulima anunue sumu ndipo avune?

Utoto na elimu

Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931, wakati Kenya ingali koloni la Uingereza. Miaka hiyo ya 1930 ndiyo iliyokuwa ya mwanzo wa kahawa ya Waafrika katika nyanda za mashariki ya Mlima Kenya. Baada ya zao hilo kuwa mali ya walowezi kwa muda mrefu, serikali ya kikoloni iliruhusu lijaribiwe na wakulima Waafrika katika maeneo machache, yakiwemo Meru, Embu na Kisii.

Ruhusa hiyo iliwaletea wenyeji wa Imenti fedha za karo na mabati ya nyumba. Baadaye iliwaletea pia mazoea ya kunyunyizia kemikali, kwa kuwa mbuni una maadui wengi na masharti ya kuutunza yalikuwa makali.

Kijana Odhiambo alisomea Maseno, shule ya wamishonari wa Kianglikana iliyowalea viongozi wengi wa magharibi mwa Kenya. Kutoka hapo alikwenda Makerere, Uganda, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo chemchemi ya elimu ya juu kwa vijana wa Afrika Mashariki. Alivutiwa na elimu ya viumbe, hasa wale ambao watu wengi huwakanyaga bila kuwatazama mara ya pili.

Baada ya Makerere aliajiriwa Uganda katika huduma za kilimo. Hiyo ilikuwa nchi ya pamba na kahawa, na wadudu walikuwa sehemu ya mazungumzo ya kila msimu. Odhiambo alijishughulisha na jamii ya kunguni wa mimea, ambao baadhi yao hufyonza utomvu wa mazao, akiwatambua mmoja mmoja na kuwapanga kwa aina zao.

Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni andiko la mwaka 1959 kuhusu kunguni mmoja mwindaji, ambaye huwachoma wadudu wengine kwa mdomo wake na kuwafyonza. Katika aina hiyo, dume ndiye anayeyalinda mayai hadi yaanguliwe, akisimama juu yake na kuwafukuza maadui. Kwa wanasayansi, baba mlezi miongoni mwa wadudu ni jambo la nadra.

Kwa mkulima, habari hiyo ina uzito wa namna nyingine. Inaonyesha kwamba katika shamba moja huishi mdudu anayekula mmea na mdudu anayemla yule anayekula mmea. Anayenyunyizia sumu bila kubagua huwaua wote wawili, na mara nyingi mla mmea ndiye anayerudi kwanza kwa sababu chakula chake bado kipo.

Zama za kemikali

Hizo zilikuwa zama ambazo ulimwengu uliamini kwamba vita dhidi ya wadudu vimekwisha. Uwezo wa DDT wa kuua wadudu uligunduliwa mwaka 1939 na mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kemikali hiyo na nyingine nyingi zilisambazwa mashambani kwa kasi kubwa.

Kenya, hata hivyo, ilikuwa tayari imeona njia nyingine. Katika miaka ya 1920 mdudu mwenye unga mweupe mwilini alivamia mibuni na mimea ya chakula katika nyanda za kati na kusababisha hasara kubwa. Wataalamu walitambua kwamba alikuwa ameingia nchini bila maadui wake wa asili, wakawatafuta Uganda. Mwaka 1938 waliletwa nyigu wadogo mno, ambao hutaga mayai ndani ya mwili wa mdudu huyo na kumwua. Nyigu hao walienea na kumdhibiti.

Ushindi huo ulitikiswa na kemikali zilizofuata. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilidhihirika kwamba mashamba ya kahawa yaliyonyunyiziwa sumu kali yalianza kushambuliwa na wadudu ambao awali hawakuwa tishio kubwa, wakiwemo viwavi wanaochimba ndani ya majani. Maadui wao walikuwa wameuawa. Mkulima akalazimika kununua kemikali zaidi ili kutibu balaa lililoletwa na kemikali ya kwanza.

Odhiambo alikuwa Uingereza mjadala huo ulipopamba moto. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1959, katika Chuo cha Queens', na baadaye akafanya utafiti wa uzamifu chini ya Sir Vincent Wigglesworth, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa duniani wa elimu ya miili ya wadudu. Ilikuwa mwaka 1962, Odhiambo akiwa huko, ambapo Mmarekani Rachel Carson alichapisha kitabu chake kuhusu madhara ya kemikali za mashambani kwa ndege, samaki na binadamu.

Utafiti wa Odhiambo ulihusu nzige wa jangwani. Alichunguza tezi na homoni zinazoongoza ukuaji na uzazi wa mdudu huyo ambaye jina lake limeandikwa katika misiba ya njaa ya Afrika Mashariki kwa vizazi vingi. Mantiki yake ilieleweka kwa urahisi. Ukijua ni kitu gani kinachomwamuru nzige akue, apevuke na azae, unaweza kuivuruga amri hiyo bila kumwaga sumu inayodhuru kila chenye uhai. Alipata shahada ya uzamifu mwaka 1965.

Kuzaliwa kwa kituo

Alirejea nyumbani mwaka huo, Kenya ikiwa huru kwa takriban miaka miwili, na kuanza kufundisha katika chuo kikuu jijini Nairobi. Baadaye aliongoza idara ya elimu ya wadudu na kuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo. Wanasayansi Waafrika wenye kiwango chake walikuwa wachache mno katika kanda yote, na maamuzi mengi ya utafiti yalitolewa ng'ambo.

Mwaka 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu nafasi ya sayansi katika maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba mataifa machanga yasingeweza kugharamia kila aina ya utafiti, lakini yangeweza kujenga vituo vichache vya kiwango cha juu kabisa, katika nyanja ambazo Afrika ina sababu ya kuongoza. Elimu ya wadudu ilikuwa mojawapo, kwa kuwa mbung'o, kupe, mchwa na viwavi walikuwa wakiitesa Afrika kuliko walivyowatesa wenye maabara tajiri za Ulaya.

Wazo hilo liliungwa mkono na wasomi wa kimataifa, miongoni mwao Carl Djerassi, mkemia aliyechangia kupatikana kwa kidonge cha kupanga uzazi. Mwaka 1970 kikazaliwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kama ICIPE, na Odhiambo akawa mkurugenzi wake wa kwanza.

Mwanzo ulikuwa wa unyonge. Kituo kilianzia katika majengo ya kawaida kwenye bewa la Chiromo, na ilibidi mkurugenzi ahangaike kutafuta fedha kwa wafadhili huku akiwatafuta vijana wa kuwafunza. Baadaye makao makuu yalihamia Kasarani, mahali palipopewa jina la Duduville, na kituo cha utafiti wa mashambani kikajengwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria.

Mradi wa mbung'o kule Nguruman, katika nchi ya Wamaasai kusini mwa Kenya, ni mfano mzuri wa falsafa yake. Katika miaka ya 1980 watafiti wa kituo hicho walitengeneza mtego wa kitambaa ambao wafugaji wenyewe wangeweza kuushona. Rangi ya samawati iliwavutia mbung'o kutoka mbali, na harufu ya mkojo wa ng'ombe pamoja na asetoni iliwaelekeza mtegoni. Mtego huo haukuhitaji kumwaga sumu porini wala kumpaka mnyama kemikali.

Odhiambo alijua pia kwamba kituo kimoja hakitoshi bila watu. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa kuwafunza Waafrika shahada za uzamifu katika sayansi ya wadudu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya bara hili. Waliopitia mpango huo wamekuwa wahadhiri, wakuu wa vituo vya utafiti na washauri wa serikali katika nchi nyingi.

Mwaka 1985 alikuwa mstari wa mbele kuasisi Chuo cha Sayansi cha Afrika, chenye makao yake Nairobi, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika kukomesha njaa, pamoja na Abdou Diouf, aliyekuwa Rais wa Senegal.

Madhara kwa binadamu

Wakati Odhiambo akijenga kituo chake, ushahidi wa madhara ya kemikali kwa afya uliendelea kurundikana. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 3 hupatwa na sumu kali ya viuawadudu kila mwaka duniani, na kwamba takriban 220,000 hufariki, wengi wao katika nchi zinazoendelea. Idadi hiyo ilijumuisha watu waliozinywa kemikali hizo kwa kusudi la kujiua, jambo linaloonyesha hatari ya kuziweka nyumbani bila kufuli.

Kemikali za jamii ya oganofosfeti na kabameti, ambazo zimetumiwa sana na wakulima wadogo, huua wadudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotuliza mawasiliano ya neva. Kimeng'enya hicho kimo pia mwilini mwa binadamu. Aliyeathirika hutokwa jasho na mate mengi, macho humwingia kiwi, mboni husinyaa, misuli hutetema, na katika hali mbaya pumzi hukatika.

Utafiti uliofanywa nchini Kenya katika miaka ya 1990, ukihusisha wafanyakazi wa mashambani katika sehemu za Naivasha, Wundanyi, Homa Bay na Migori, ulionyesha kwamba kiwango cha kimeng'enya hicho katika damu ya walioshughulika na kemikali kilikuwa kimepungua kwa wastani wa takriban thuluthi moja. Wengi wa watu wa namna hiyo hawafiki hospitalini. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husingizia jua au malaria, na kesho yake hurudi shambani.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya kudhibiti bidhaa za kuua wadudu ilipitishwa mwaka 1982 na kuunda bodi ya kuzisajili. Mwaka 1985 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kanuni za kimataifa za uuzaji na matumizi yake, na mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo. Lakini sheria huishia mlangoni mwa duka. Anayesimama shambani na bomba mgongoni huwa peke yake.

Ushauri uliozoeleka ni kumhimiza mkulima avae ovaroli, glavu, gambuti, miwani na barakoa. Ushauri huo ni wa haki, na anayenyunyizia hana budi kuufuata. Hata hivyo, mavazi hayo hugharimu fedha ambazo familia nyingi hazina, huchosha katika joto la Mitunguu, na hayamlindi mtoto anayechezea chupa tupu wala mama anayepalilia siku inayofuata. Ndiyo maana njia ya Odhiambo inagusa mzizi wa tatizo. Sumu isiyohitajika kununuliwa haihitaji glavu.

Lawama na mipaka

Haingekuwa haki kumsifu marehemu huyu bila kutaja upande wa pili. Katika miaka ya mwanzo kituo chake kililaumiwa kwa kuzama mno katika sayansi ya maabara, ilhali mkulima alikuwa akisubiri suluhisho la msimu huu. Homoni za wadudu zilizotarajiwa kuleta mapinduzi hazikumfikia mwenye shamba dogo kwa kasi iliyotazamiwa. Fedha za wafadhili zilipanda na kushuka, na kituo kikapitia vipindi vigumu.

Mkulima naye alikuwa na hoja yake. Kemikali huonyesha matokeo siku hiyo hiyo, na viwavi walioanguka chini huonekana kwa macho. Nyigu asiyezidi punje ya mtama hufanya kazi bila kuonekana, na huhitaji subira ambayo mwenye deni la karo hana.

Odhiambo alistaafu ukurugenzi mwaka 1994, baada ya miaka 24. Nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren wa Uswisi, aliyekuwa amepata sifa kwa kudhibiti mdudu hatari wa mihogo barani Afrika kwa kutumia nyigu. Miche iliyopandwa wakati wa Odhiambo ilianza kuzaa matunda yaliyoonekana shambani.

Mwaka 1993 kituo kilianza kuachilia nyigu walioletwa kutoka bara Asia ili kuwaangamiza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, ambao nao asili yao ni bara hilo. Katika miaka hiyo hiyo, Mbita, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waliunda mbinu ya sukuma-vuta. Mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake huwafukuza nondo wanaotaga mayai. Nyasi za nepia hupandwa pembeni, nazo huwavuta nondo hao, lakini viwavi wengi wanaoanguliwa humo hufa.

Desmodiamu huzuia pia magugu ya kiduha na kurutubisha udongo, na mimea yote miwili ni lishe ya ng'ombe. Kwa sehemu kama Imenti, ambako familia nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa zizini na tayari hupanda nepia, hilo si jambo dogo. Mbinu hiyo imepata umuhimu zaidi tangu mwaka 2017, viwavijeshi wa kutoka Amerika walipoingia Kenya na kuwafanya wakulima wengi wakimbilie chupa za kemikali.

Urithi katika nyanda za Mlima Kenya

Profesa Odhiambo alifariki tarehe 26 Mei 2003. Mwaka huo huo nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya, na haukupita muda akaenea katika maeneo ya maembe, yakiwemo Embu na Meru. Kifo cha mwasisi na ujio wa adui mpya vilikuwa mtihani kwa kituo alichokiacha.

Jibu la kituo lilifuata njia yake. Wakulima walifunzwa kuokota na kuharibu matunda yaliyooza, kutundika mitego yenye chambo, kupaka chambo sehemu ndogo ya mti badala ya kunyunyizia mti mzima, na kuwaachilia nyigu wanaoshambulia mayai na mabuu ya nzi huyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wakulima wa maembe wa Embu ulionyesha kwamba waliofuata utaratibu huo walitumia takriban asilimia 46 pungufu katika kununua viuawadudu kwa ekari, na mapato yao halisi yalizidi ya wenzao kwa zaidi ya asilimia 22.

Takwimu hizo zina maana kubwa kuliko fedha. Kila chupa isiyonunuliwa Embu au Nkubu ni asubuhi moja ambayo bomba halikuvuja mgongoni mwa mtu, na ni chupa moja isiyosahauliwa mahali ambapo mtoto angeweza kuifikia.

Wakulima wa kahawa wa Imenti wamelionja funzo hilo kwa njia nyingine. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa kahawa wa Kenya mwaka 1985, na Batian iliyofuata mwaka 2010, zilizalishwa ili kustahimili magonjwa ambayo hulazimu mibuni ya zamani kunyunyiziwa mara nyingi kila mwaka. Hapo pia, maarifa yaliyowekwa ndani ya mbegu yalichukua nafasi ya kemikali iliyomo ndani ya bomba.

Bado zipo siku ambazo kunyunyizia hakuepukiki. Siku hizo familia haina budi kutazama ukanda wa rangi katika chupa: mwekundu ni wa sumu kali kabisa, wa manjano huufuata, kisha wa buluu, na wa kijani ndio wenye hatari ndogo zaidi. Kifuniko cha chupa si kipimo. Kipimo ni kile kilichoandikwa katika karatasi yake, nazo siku za kungoja kabla ya kuvuna zina sababu.

Chupa ikiisha isuuzwe mara tatu, maji hayo yatiwe katika bomba, kisha itobolewe isije ikachotewa maji ya kunywa. Nguo za kunyunyizia zifuliwe peke yake, mbali na kisima na mto. Stoo ifungwe kwa kufuli. Anayezidiwa avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na afikishwe hospitalini upesi pamoja na karatasi ya chupa, ili daktari ajue ni sumu gani anayopambana nayo.

Kituo cha Mbita sasa kina jina la Thomas Odhiambo, na wasomi hulitaja katika mikutano yao. Lakini urithi wake ulio karibu zaidi na wakulima wa Nkubu ni tabia aliyoanza nayo akiwa kijana nchini Uganda, ya kumtazama mdudu kwa makini kabla ya kumhukumu. Mkulima anayeligeuza jani na kuuliza huyu ni nani, anakula nini, na ni nani anayemla, tayari amepiga hatua ya kwanza katika njia hiyo. Mara nyingi atagundua kwamba leo bomba linaweza kubaki stoo.